Kifaa kinachopaswa kujua kunyamaza: shajara ya mradi wa kumwonya dereva dhidi ya mgongano, Mwanza

Wiki ya 1

Shajara hii inafunguliwa ili kutunza kumbukumbu za mradi wetu wa kutengeneza kifaa cha bei nafuu kitakachomwonya dereva pale gari lake linapoelekea kugonga kilicho mbele. Tuko watatu: mwenzangu anayeshughulikia programu, mimi ninayeshughulikia vipimo na kuandika, na dereva wa teksi wa hapa Mwanza, mtu mzima ambaye sote tunamwita Mzee, aliyekubali Toyota IST yake itumike kwa majaribio kwa sharti kwamba hakuna waya utakaokatwa wala tundu litakalotobolewa.

Chanzo cha mradi ni jambo ambalo abiria yeyote mwenye macho anaweza kulithibitisha. Magari yaliyotumika Japani huingia nchini yakiwa na mifumo ya kumsaidia dereva, kama vile kamera mbili za EyeSight ambazo Subaru ilianza kuziuza huko mwaka 2008, au mkusanyiko wa Toyota Safety Sense ulioanza mwaka 2015. Yakishafika kwetu na kukaa miaka miwili mitatu, taa ya njano huwaka kwenye dashibodi na haizimiki, au mwenye gari huuzima mfumo kwa mkono wake kwa sababu, kwa maneno yao, unapiga kelele bure. Tunataka kujua kwa nini unapiga kelele bure, na kama inawezekana kutengeneza kitu kinachozielewa barabara hizi jinsi zilivyo.

Tumeamua tangu mwanzo kwamba kifaa kitaonya tu na hakitagusa breki. Umoja wa Ulaya unadai breki za dharura zinazojifunga zenyewe katika magari yote mapya tangu Julai 2024, na Marekani ilitoa kanuni yake Aprili 2024, iliyopangwa kuanza kuyabana magari mepesi mapya Septemba 2029. Lakini breki hizo huundwa kiwandani pamoja na gari, mara nyingi zikiongozwa na rada na kamera zinazosahihishana. Sisi tuna kamera moja. Kamera moja ikikosea na kufunga breki kwenye mteremko, huku daladala ikiwa imetufuata mgongoni kwa mita mbili, tutakuwa tumeisababisha ajali ileile tuliyokusudia kuiepusha.

Njia ya majaribio itaanzia stendi ya Nyegezi, ipite Butimba na Mkuyuni hadi mjini, kisha ishike Barabara ya Nyerere kupitia Mabatini, Buzuruga na Nyakato hadi Igoma. Ina kila kitu tunachokihitaji: vilima, masoko, vivuko vya wanafunzi, bodaboda, mikokoteni na rasta, yaani matuta madogo ya barabarani, zisizohesabika.

Hesabu ya msingi ninaiandika hapa mara moja ili tusiirudie. Kwa kilomita 50 kwa saa, ambazo ndizo ukomo katika maeneo ya makazi, gari husogea karibu mita 14 kila sekunde. Dereva anayechukua sekunde moja na nusu kuona, kuamua na kuuhamisha mguu atakuwa amekwenda mita 21 kabla breki hazijaanza kushika, na kwenye lami kavu atahitaji mita nyingine 14 ndipo asimame. Lami ikilowa na tairi zikiwa zimelika, hizo 14 hukaribia 25. Kifaa chetu hakiwezi kuzipunguza hizo za breki; kinachoweza kuokoa ni sehemu ya zile 21 za mwanzo.

Wiki ya 2

Kamera imebandikwa nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, mita 1.3 juu ya lami, na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 5 iliwekwa juu ya dashibodi. Huko haikudumu. Kichakataji chake hujipunguzia kasi joto linapofika nyuzi 80, na gari lililoegeshwa adhuhuri karibu na soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, halikuchukua muda kulifikisha huko. Tumeihamishia chini ya kiti cha abiria na kuiongezea feni. Sasa inachambua picha 10 kila sekunde, maana yake ni kwamba kati ya picha na picha gari lenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa limeshasogea mita 1.4.

Wiki ya 4

Wiki mbili hizi zimeishia kwenye umbali, na hatujaupata.

Njia rahisi ya kukadiria umbali kwa kamera moja ni kuitegemea barabara yenyewe. Ukijua kamera iko juu kiasi gani, na ukaona magurudumu ya gari la mbele yanagusa lami kwenye mstari upi wa picha, unaukokotoa umbali kwa pembe. Gari lililo mita 30 mbele yetu linagusa lami nyuzi 2.5 chini ya upeo wa macho. Hesabu hii ni nzuri mradi barabara iwe tambarare na pua ya gari isiinuke wala isiiname. Kosa la nyuzi moja tu linazigeuza zile mita 30 kuwa 50 upande mmoja, au 21 upande wa pili.

Sasa nyuzi moja, Mwanza, ni kitu gani? Mji huu umejengwa juu ya miamba na kati ya miamba. Mzee akikanyaga breki kidogo, pua inainama. Abiria watatu wakiketi nyuma, pua inainuka. Barabara ikianza kupanda mita 40 mbele yetu, gari lililokwisha kuanza kupanda linaonekana juu zaidi katika picha, na kifaa kinaamini liko mbali kuliko lilivyo, jambo ambalo ni kosa baya kuliko lile jingine. Na rasta, hizi safu za matuta madogo zinazotangulia kila kivuko, zinaitikisa kamera kiasi kwamba kwa sekunde nzima umbali unarukaruka kati ya mita 15 na 60 ilhali gari la mbele halijabadili chochote.

Tumejifariji kidogo kwa kukumbuka kwamba hata wakubwa walijikwaa hapa. Mwaka 2017 ilijulikana kwamba mfumo wa Volvo wa kutambua wanyama wakubwa ulikuwa ukichanganywa na kangaruu huko Australia, kwa sababu uliupima umbali wa mnyama kwa kulinganisha na ardhi: kangaruu akiwa hewani alionekana yuko mbali, akitua akaonekana yuko karibu. Sisi hatuna kangaruu, lakini gari letu lenyewe linaruka.

Wiki ya 5

Leo kifaa kilitoa sauti kwa mara ya kwanza ndani ya gari lililo barabarani. Tulikipa kizingiti cha sekunde 2.1 kabla ya kugongana, ambacho tulikichukua kutoka katika majaribio ya Marekani ya gari linaloliendea jingine lililosimama kwa kasi ya kilomita 72 kwa saa. Nilikaa nyuma na karatasi ya kuhesabia, nikichora kijistari kwa kila onyo na kuandika kando yake kama lilikuwa la kweli au la uongo. Karatasi ilijaa kabla hatujafika Buzuruga.

Nimeyapitia maonyo hayo usiku kwenye video, moja baada ya jingine. Karibu yote yalikuwa sahihi kwa hesabu na upuuzi kwa maana. Gari linalokuja upande wa pili, letu likiwa na kilomita 50 na lenyewe kilomita 50, linakaribia kwa mita 28 kila sekunde. Likiwa mita 55 mbele yetu, tayari limeshavuka kizingiti, ingawa liko upande wake na litapita salama kama yalivyopita mengine yote. Bodaboda anayekuja kinyume ukingoni mwa barabara, jambo lisiloruhusiwa na linalofanyika kila dakika, naye anaonekana kama mtu anayekuja kujitoa mhanga. Muuza maji anayesubiri kati ya njia mbili, mama aliyesimama na beseni hatua moja nje ya ukingo akingoja nafasi ya kuvuka, bajaji iliyojikunja kuingia kituoni: kwa kipimo cha sekunde peke yake, hao wote ni ajali.

Tulipofika Nyakato, Mzee alinyoosha mkono akauchomoa waya wa umeme bila kuyaondoa macho barabarani. "Wanangu," alisema, "huyu mgeni wenu hana adabu. Anampigia kelele hata mtu anayepita zake kwa amani. Siku atakayoniambia kweli nitakuwa nimeshamzoea, sitamsikia."

Hatukuwa na la kumjibu. Ninaandika hapa kama uamuzi wa mradi, na mwenzangu amekubali: kuanzia leo hatutapima mafanikio kwa idadi ya vitu ambavyo kifaa kimevitambua, bali kwa safari ambazo Mzee amezimaliza bila kukichomoa.

Wiki ya 7

Tumeachana na mita.

Wazo si letu. Mwanasaikolojia David Lee alieleza mwaka 1976 kwamba mtu anayefunga breki hahitaji kujua umbali wala kasi; kinachomtosha ni jinsi taswira ya kitu inavyokua machoni mwake. Wahandisi wa Mobileye, kampuni iliyoanzishwa Jerusalem mwaka 1999, walionyesha mwaka 2004 kwamba kamera moja inaweza kutoa onyo la mgongano kwa njia hiyohiyo. Gari likionekana lina upana wa pikseli 40, na nusu sekunde baadaye lina pikseli 44, limekua kwa sehemu moja ya kumi. Gawanya nusu sekunde kwa hiyo sehemu ya kumi, unapata sekunde 5. Kwa mwendo huo, ndizo zilizobaki. Hatukuuliza kamera iko juu kiasi gani, wala kama barabara inapanda, wala kama lile lililo mbele ni Hiace au Fuso.

Nilifurahi kupita kiasi kwa siku mbili, kisha vipimo vikanirudisha chini. Kisanduku ambacho modeli, yaani programu ya kutambua vitu katika picha, inakichora kulizunguka gari la mbele hakitulii; hupanuka na kusinyaa kwa pikseli moja hata gari likiwa limesimama. Pikseli moja si kitu, mpaka uiweke kwenye hesabu: ukuaji wa pikseli 4 ukisomeka kama 3, sekunde 5 zinakuwa karibu 7, ukisomeka kama 5, zinakuwa 4. Dawa ni kulainisha, na tumetumia kichujio cha Kalman, ambacho kimekuwapo tangu mwaka 1960 na bado hakina mpinzani kwa kazi za namna hii. Lakini kila unapolainisha unachelewa. Ukisubiri picha tano ili uwe na uhakika, umekwisha kutumia nusu sekunde, na mita 7 kati ya zile 21 tulizotaka kuziokoa. Kwa sasa tumesimama kwenye picha tatu.

Rasta zimekuwa rahisi kuliko tulivyotarajia. Ndani ya kasha mna kihisi cha MPU-6050, kinachopima mtikisiko na mzunguko. Kikihisi mtikisiko wa juu na chini unaozidi kiwango tulichokiweka, kisanduku kinaendelea kufuatiliwa lakini ukuaji wake hauhesabiwi mpaka gari litulie.

Wiki ya 8

Jumamosi nilivuka kwa kivuko cha Kamanga kwenda kuwasalimia ndugu Sengerema, na nikarudi na jibu la tatizo la wiki ya tano.

Tulipokuwa katikati ya maji, mtumbwi wenye injini ulikuwa ukija kutoka ubavuni. Mfanyakazi wa kivuko aliyekuwa karibu nami aliutazama, akaegemea nguzo ya mlango, akautazama tena akiwa ameegemea palepale, kisha akageuza uso kama mtu asiye na haja nao tena. Nilimwuliza alikuwa akitazama nini. Alinieleza kwamba unaupanga mtumbwi na nguzo. Ukiona umeihama nguzo, kwenda mbele au kurudi nyuma, basi mtapishana. Ukiona unazidi kuwa mkubwa na bado uko palepale kwenye nguzo, hapo piga honi. Mabaharia wa dunia nzima wanaijua kanuni hiyo, nayo imeandikwa katika kanuni ya 7 ya Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972: chombo kinachokaribia bila mwelekeo wake kubadilika kwa kiasi cha kuonekana kihesabiwe kuwa ni hatari ya mgongano.

Barabarani ni vilevile. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo gari linalokuja upande wake hukua huku likiteleza kuelekea kulia mwa picha, polepole mwanzoni na haraka linapokaribia. Bodaboda wa ukingoni huteleza kushoto. Mtoto anayetoka kati ya magari mawili na kuingia njiani, kwa mwendo utakaomkutanisha na gari letu, hukua akiwa palepale. Tumeongeza sharti hilo katika programu: kitu kikikua na kuhama, kimya, kikikua bila kuhama, onyo.

Kuna mambo mawili ya kuangaliwa. Gari letu lenyewe linapokata kona, kila kitu katika picha kinahama, na kilicho hatari kinaweza kuonekana salama. Kwa hiyo mzunguko unaopimwa na MPU-6050 unaondolewa kwanza kabla ya kuhukumu. Jambo la pili limo ndani ya kanuni hiyohiyo ya 7, ambayo inatahadharisha kwamba hatari inaweza kuwapo hata mwelekeo ukibadilika, hasa unapokiendea chombo kikubwa sana au kinachovuta kingine, au mnapokuwa karibu mno. Ukisoma hapo "lori na tela lake linalokata barabara kuingia gereji", hutakuwa umekosea. Kichwa kinahama, mkia uko palepale. Kwa malori tunafuatilia kingo mbili za kisanduku, kila moja peke yake, badala ya kitovu chake.

Tulirudia njia nzima siku ya Jumatano. Karatasi ya kuhesabia haikujaa. Mzee hakuchomoa waya, ingawa alikiri kwamba mara mbili alifikiria kufanya hivyo.

Wiki ya 10

Utambuzi wa vitu tuliuacha kwa makusudi hadi sasa, maana ndiyo sehemu ambayo kila mtu huikimbilia kwanza. Modeli tuliyoanza nayo ilifunzwa kwa picha za COCO, mkusanyiko wa picha zilizowekewa majina ya vitu vya aina 80. Inamjua twiga na inamjua pundamilia. Haimjui mbuzi, haijui bajaji, na mkokoteni haijawahi kuusikia. Bajaji inaiita gari leo, kesho pikipiki, na ukiitazama kwa nyuma ikiwa na turubai inaiita lori. Mkusanyiko wa picha za barabara za India umetusaidia, kwa kuwa una aina maalumu ya bajaji, na bajaji za huko na za huku ni ndugu wa damu. Mikokoteni na baiskeli zilizobeba mkaa tunazipiga picha wenyewe. Nyuso na namba za magari tunazifunika kabla ya picha kuhifadhiwa, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu hata sisi wenye kamera moja.

Katika kazi hiyo tumegundua hitilafu ambayo imeninyima usingizi. Baiskeli iliyobeba magunia mawili ya mkaa ilikuwa mbele yetu Igoma, mwenyewe akiisukuma kwa miguu. Modeli iliiita mkokoteni, kisha mtu, kisha baiskeli, kisha mtu tena. Kila jina lilipobadilika, programu yetu ilikihesabu kitu hicho kuwa kipya kabisa na kuanza upya kuupima ukuaji wake, hivyo zile picha tatu za uhakika hazikutimia hata mara moja. Kifaa kilinyamaza mpaka mwisho. Mzee alikuwa amemwona mtu huyo zamani na hapakuwa na hatari yoyote, lakini ukimya huo haukuwa wa busara. Ulikuwa wa upofu.

Hili lilikwisha kuua. Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, huko Tempe katika jimbo la Arizona, gari la majaribio la Uber lilimgonga mama aliyekuwa akivuka barabara huku akisukuma baiskeli. Uchunguzi wa bodi ya Marekani ya usalama wa usafiri ulionyesha kwamba vihisi vilimwona sekunde 5.6 kabla, lakini mfumo ulibadilibadili jina lake, mara gari, mara kitu kisichojulikana, mara baiskeli, na kila ulipolibadili ulitupa historia ya mwendo wake. Breki za dharura ambazo Volvo ilizitia kiwandani katika gari hilo zilikuwa zimezimwa lilipokuwa likijiendesha. Nilikuwa nimewahi kuisoma taarifa hiyo, na bado nilikaa na mwenzangu tukaandika kosa lilelile.

Tumelirekebisha: historia ya ukuaji inafuata mahali kitu kilipo, si jina lake. Jina likibadilika, historia inabaki. Kusema kweli, kwa onyo la mgongano jina halina kazi kubwa. Kilicho njiani na kinachokua palepale kitaumiza, kiitwe vyovyote.

Wiki ya 12

Siku tatu za wiki hii tumezitumia kijiweni kwa fundi vioo, na ninadhani ndizo zilizotufundisha zaidi kuhusu lile swali la wiki ya kwanza.

Kioo cha mbele hakidumu kwa magari yanayotoka nje ya mji, kwa sababu ya kokoto zinazorushwa na malori. Mteja analeta gari. Fundi anakata gundi, anatoa kioo, anabandika kingine, na ndani ya saa chache gari linaondoka. Kamera iliyokuwa nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma inafunguliwa skrubu, inawekwa kando juu ya kiti, kisha inarudishwa ilipokuwa. Fundi huyu ni makini na kazi yake ni safi. Hakuna gundi inayochuruzika. Lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba baada ya hapo kamera hiyo inapaswa kupimwa upya, gari likiwa limesimama mbele ya ubao wenye alama, kwa umbali uliotajwa na mtengenezaji. Nilimwonyesha kwenye karatasi: kamera ikipinda nyuzi moja kwenda kando, kitu kilicho mita 50 mbele kinahama karibu sentimita 87, na bodaboda wa ukingoni anaonekana yuko ndani ya njia yako. Aliitazama karatasi kwa muda, kisha akasema, "Kumbe ndiyo maana wanarudi wakisema gari limeanza kupiga kelele. Mimi nikawa nawaambia ni betri."

Rada nayo ina masaibu yake. Katika magari mengi ya Toyota hukaa nyuma ya nembo ya mbele, na nembo hiyo si pambo tu. Ni plastiki iliyotengenezwa ili mawimbi ya gigahezi 77, yenye urefu usiofika milimita 4, yapite bila kupotoshwa. Gari likigongwa kidogo mbele, shoo, yaani wavu wa mbele, inabadilishwa, nembo ya kawaida inabandikwa, au mwenye gari anafunga ngao ya chuma mbele ya kila kitu. Taa ya njano ikiwaka, inazibwa kwa utepe mweusi. Tuliyaona matatu ya namna hiyo kwa siku moja bila kuyatafuta.

Kwa hiyo tumeongeza hatua ambayo haikuwamo katika mpango: kifaa kinajipima chenyewe. Kila safari, katika dakika za mwanzo, kinatafuta mahali ambapo vitu vyote vilivyotulia vinaonekana kuchomozea gari linapokwenda moja kwa moja. Nukta hiyo ndiyo mbele ya kweli. Ikiwa imehama tangu jana, kifaa kinajirekebisha. Ikiwa imehama kupita kiasi, kinakataa kufanya kazi na kutamka kwamba kamera imepinda. Ubao wa kupimia kamera hatuna, lakini barabara iliyonyooka kwa mita 200 inapatikana hata Nyegezi.

Wiki ya 13

Mwezi ulipoandama, wadudu wa ziwani walitoka kama moshi, na jioni karibu na Kirumba walikifunika kioo chote. Mzee aliwasha waipa, ambalo ni kosa: wadudu waligeuka kuwa mafuta na kamera haikuona kitu kwa dakika kadhaa. Kifaa hakikulijua hilo, kikaendelea kunyamaza kana kwamba barabara ni nyeupe. Sasa kinapima ukali wa picha, na picha ikififia kinatoa mlio mmoja mfupi na kuwasha taa nyekundu, ili dereva ajue kwamba yuko peke yake.

Wiki ya 15

Majaribio ya usiku, Nyegezi hadi Usagara. Kwa kilomita 80 kwa saa, pamoja na ile sekunde moja na nusu ya dereva, gari linahitaji mita zipatazo 70 kusimama kwenye lami kavu, na taa za chini zilizo nzuri humulika mita 40 hadi 60. Kamera yetu haioni zaidi ya taa. Mtembea kwa miguu mwenye nguo nyeusi alionekana kwetu akiwa amechelewa, mara zote, na hakuna programu itakayolirekebisha hilo. Kanuni mpya ya Marekani inadai mtembea kwa miguu atambuliwe hata gizani, lakini kwa vifaa tulivyo navyo sisi hatuwezi kulidai hilo. Tumeamua kwamba usiku, kasi ikizidi 60, kifaa kitaonyesha taa nyekundu ileile ya wadudu.

Wiki ya 16

Mzee amemaliza siku ya 11 mfululizo bila kuchomoa waya. Siku ya nane kifaa kilimwonya mara moja tu, Mabatini, mwanafunzi alipotoka nyuma ya daladala iliyokuwa ikishusha abiria. Mzee anasema alikuwa amekwisha kuiona miguu yake chini ya gari, na video inaonyesha kwamba mguu wake ulikuwa kwenye breki kabla ya mlio. Tumeiandika hivyo hivyo.

Yaliyobaki ni mvua za masika, ambazo hatujazijaribu hata kidogo, na gari la pili. Hilo limepatikana: ni Noah ambayo kioo chake cha mbele kilibadilishwa mwezi uliopita. Tutaifunga kamera Jumatatu asubuhi, na fundi vioo ameomba awepo ili aione hiyo nukta ya mbele kwa macho yake kabla hatujaondoka kijiweni.